Nchi ya Mwezi na Vazi la Manyoya

Kwa miaka kadhaa sasa zimeongezeka katika lugha yetu tungo zinazoitazama dunia kutoka angani. Mtungaji hupaa katika ubeti wa kwanza, huyapita mawingu katika ubeti wa pili, na ufikapo ubeti wa tatu dunia imekwisha kuwa tufe la buluu lililoning'inia gizani, dogo, zuri, lisilo na mipaka. Ubeti wa mwisho hutuusia kwamba sote tu wamoja na kwamba tuache kugombana. Sitawataja watungaji wa tungo hizo kwa majina, ila mmoja, naye ni mimi. Ubeti ufuatao ni wangu:

Nimeiona dunia, tufe dogo la samawi,
Mipaka imepotea, mtu nchi haigawi,
Vita navyo vyatulia, hakuna mambo ya uwi,
Juu nikishafikia, huzuni tena sijuwi.

Kwa mafundi wa hesabu za shairi ubeti huu hauna dosari: mizani minane kwa minane, kina cha kati a, kina cha mwisho wi. Niliusoma mbele ya hadhara mara nyingi, Unguja na Dar es Salaam, na ulipokewa vizuri. Katika makala haya nataka kuuhakiki kama ambavyo ningeuhakiki ubeti wa mtu mwingine, kwa sababu naamini mshororo wake wa nne ni wa uongo, na uongo huo si wangu peke yangu. Niliutambua mara ya kwanza Tabora, na mara ya pili katika hadithi kongwe ya Kijapani niliyokuwa nikiifasiri.

Tabora nilikwenda kwa gari-moshi. Reli ya Kati ilifika mji huo mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa inaandama mwelekeo wa ile njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kuishia Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Abiria aliyeketi dirishani huvuka kwa usingizi nchi ambayo misafara iliipita kwa miezi. Nilikaribishwa katika ua wa nyumba moja, chini ya mwembe, nikaombwa nisome. Nikasoma ubeti wangu. Vijana wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kando, ambaye babu yake alikuwa mpagazi, akaniita karibu.

"Mwanangu, huko juu ulikopanda, Kwihara umeiona?"

"La, mzee wangu. Kwa umbali ule Kwihara haionekani."

"Na Bagamoyo?"

"Nayo haionekani."

"Basi wewe hukupanda. Umehama."

Nilicheka, naye akacheka, tukaendelea na mazungumzo mengine. Lakini neno lake sikuweza kulitua. Kesho yake nilikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kulitazama lile tembe ambalo leo ni makumbusho. Humo ndimo Livingstone alimokaa mwaka 1872, baada ya yeye na Stanley kurejea kutoka Ujiji, akingoja wapagazi na bidhaa kutoka pwani. Ni nyumba ya udongo, nene, yenye ua wa ndani, na nje yake ni ardhi nyekundu na miti. Mgeni asiyejua kitu ataizunguka kwa dakika chache na kuondoka.

Lakini nini hakikupita hapo? Unyanyembe ilikuwa fundo la njia zote: iendayo magharibi Ujiji, iendayo kaskazini Karagwe na Buganda, iendayo kusini-magharibi kwenye shaba ya Katanga. Burton na Speke waliingia Kazeh, ambayo ni sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waiache pwani, wakapokewa na Mwarabu mkaazi, Snay bin Amir. Magharibi ya hapo Mirambo alijenga dola yake, akaifunga njia alipogombana na wafanyabiashara wa Tabora, na mpaka leo nchi yake inaitwa Urambo. Mtemi Isike wa Unyanyembe, Wajerumani walipoivunja ngome yake Januari 1893, aliwasha baruti ili asikamatwe hai. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alikuwa na makazi huko na alioa kwa mtemi Fundikira. Na mwanawe, aliyezikwa hapa Unguja mwaka 1905, alituachia kwa Kiswahili maelezo ya maisha yake, kitabu ambacho wanafunzi wetu wangepaswa kukisoma kabla ya riwaya yoyote.

Nakitaja kitabu hicho kwa sababu ya namna yake ya kutazama. Tippu Tip hana ramani. Nchi kwake hupimwa kwa siku za mwendo, kwa maji yaliyopatikana na yaliyokosekana, kwa mtemi aliyedai hongo na aliyesamehe, kwa frasila za pembe. Hali ni hiyohiyo katika simulizi za wasafiri zilizochapishwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Safari za Wasuaheli. Waandishi hao mara nyingi hawasemi kwamba nchi ni nzuri, wala kwamba ni mbaya. Wanasema: tukalala mahali fulani, hapana maji, asubuhi tukaondoka. Mimi niliyezoea tashbihi niliona zamani kwamba huo ni ukavu wa lugha. Sasa naona ni uaminifu. Kila jina katika simulizi hizo lina uzito wa mguu uliolikanyaga.

Na miguu hiyo ilikuwa ya nani? Zaidi ya yote ilikuwa ya Wanyamwezi. Mpagazi alibeba begani au kichwani mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, za pembe akishuka na za nguo, shanga au waya wa shaba akipanda. Wengi walikuwa watu huru waliojiajiri kwa ujira. Wengine walikuwa watumwa wa matajiri wa misafara. Na pamoja nao walitembea wale waliofungwa minyororo, ambao wao wenyewe ndio waliokuwa bidhaa. Katika umati wote huo majina tuliyobakiwa nayo ni machache mno. Tunamjua Chuma na tunamjua Susi, kwa sababu wao na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kwa takriban miezi tisa, wakapita Unyanyembe na kuufikisha Bagamoyo Februari 1874. Tunawajua kwa sababu ya mzigo waliobeba. Wale waliobeba pembe hatuwajui.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha ya awali ya maeneo inayotaka yatambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia, na Kwihara imo pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Ni vituo sita. Aliye angani hakioni hata kimoja, wala uzi unaoviunganisha. Njia ya miguu haiachi kovu linaloonekana kwa mbali. Hilo ndilo mzee aliloniuliza.

Sasa niieleze hadithi ya Kijapani, na kwa nini niliikumbuka njiani nikirudi. Kinachoziunganisha kwanza ni jina. Unyamwezi, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ni jina lililotolewa na watu wa pwani: watu wa mwezi, kwa kuwa walitoka magharibi, upande ambako mwezi mwandamo huonekana. Jioni tunayoutafuta mwezi wa Ramadhani ufukweni mwa Unguja, nyuso zetu zinaelekea Bagamoyo, na nyuma ya Bagamoyo ni Tabora. Kwa babu zetu nchi ya mwezi haikuwa mbinguni. Ilikuwa mwendo wa miezi miwili au mitatu kwa miguu.

Hadithi ya mkata mianzi ni ya zaidi ya miaka elfu moja, na Wajapani huihesabu kuwa miongoni mwa hadithi zao kongwe kabisa. Kijapani sikijui. Elimu yangu ni ya darasani kidogo, kamusi, na vitabu vya kuazima. Naifasiri kwa kupitia tafsiri za Kiingereza, nikizilinganisha moja na nyingine. Mzee maskini anakata mianzi na kukuta ndani ya mwanzi mmoja nuru, na ndani ya nuru mtoto wa kike mdogo kama kidole. Yeye na mkewe wanamlea. Anakua kwa haraka, jina lake Kaguya, mzuri hata wakuu watano wanamposa, naye anawapa masharti yasiyowezekana; hata mfalme wa nchi anakataliwa. Kisha anaanza kuutazama mwezi na kulia. Anawaambia wazee wake kwamba kwao ni huko, na kwamba usiku wa tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane, mwezi ukiwa mpevu, watakuja kumchukua.

Wanakuja kweli, juu ya wingu, na askari wa mfalme mikono yao inalegea. Wamemletea vitu viwili: dawa ya kutokufa, na vazi la manyoya. Wanamhimiza aharakishe: kwa nini akae zaidi mahali pachafu kama hapa? Hapa ndipo penye moyo wa hadithi. Kaguya anasema wangoje kidogo, kwa sababu avaaye vazi hilo moyo wake hubadilika, naye bado ana neno la kusema. Anaandika barua. Anamaliza. Wanamvika. Na pale pale huruma yote aliyokuwa nayo kwa mzee aliyemlea inamtoka. Anapanda wala hageuki.

Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika "joho la manyoya". Lilipendeza sikioni, lakini nikalifuta. Joho kwetu ni vazi la bwana harusi, la kadhi na la sultani. Alivaaye hukumbuka yeye ni nani na ni wa ukoo gani. Vazi la hadithi hii hufanya kinyume chake: humsahaulisha mtu kwao. Nikaandika "vazi" tu. Na nilipokuwa nikilifasiri neno la kwamba mvaaji haijui tena huzuni, kalamu yangu ilisimama. Maneno hayo nilikuwa nimekwisha kuyaandika zamani. Ni mshororo wangu wa nne.

Hapo ndipo maneno ya mzee wa Tabora yaliponirudia. Hukupanda, umehama.

Wajapani wenyewe wameichukua hadithi hiyo mpaka angani. Mwaka 1990 walirusha chombo kilichoitwa Hiten, jina la malaika wa kike arukaye, nacho kikaachia karibu na mwezi chombo kidogo kilichoitwa Hagoromo, ambalo ndilo jina la vazi lile la manyoya. Mtambo wa sauti wa Hagoromo ulikuwa umeharibika hata kabla hakijaachiwa. Kikauzunguka mwezi bila kuleta neno lolote. Sijui hitilafu nyingine ya mitambo iliyotii hadithi yake kwa ukamilifu namna hiyo.

Kisha tarehe 14 Septemba 2007, kutoka kisiwa cha Tanegashima, shirika lao la anga, JAXA, lilirusha chombo kikubwa zaidi kiitwacho Kaguya. Tanegashima ni kisiwa ambako Wareno walifika mwaka 1543 wakaacha bunduki, hata bunduki za aina hiyo Wajapani wakaziita kwa jina la kisiwa. Sisi wa pwani hii, ambao tuliwaona Wareno tangu mwaka 1498, tunaelewa kisiwa kinavyoweza kubeba historia ya namna hiyo. Kaguya alizunguka kiasi cha kilomita 100 juu ya uso wa mwezi, akiwa na vyombo viwili vidogo vilivyopewa majina ya wazee waliomlea, Okina na Ouna. Kaguya alipokuwa nyuma ya mwezi, ambako mawimbi ya redio hayawezi kufika Duniani, Okina aliyapokea na kuyapitisha. Mzee aliendelea kuipeleka sauti ya mwanawe.

Kaguya alikuwa na kamera iliyotengenezwa na shirika la utangazaji la NHK, na tarehe 7 Novemba 2007 aliichukua filamu ya Dunia ikichomoza juu ya ukingo wa mwezi. Ni tarehe ileile ambayo Burton na Speke waliingia Kazeh, miaka 150 baadaye bila kupungua siku. Sitaki kuikamua maana sadfa hii. Tarehe ni tarehe. Lakini mtu akiziweka siku mbili hizo bega kwa bega ataona masafa yaliyopo baina ya namna mbili za kufika. Wale waliifikia nchi ya mwezi baada ya siku 134 za mwendo, wagonjwa, nyuma ya migongo ya wapagazi. Huyu alifika mwezini wenyewe kwa wiki chache, akageuka, akatuona sote kwa mara moja kutoka kilomita zipatazo 380,000.

Filamu hiyo nimeitazama mara nyingi. Ardhi ya mwezi ni kijivu na mashimo, na juu yake Dunia inapanda taratibu, buluu, hai. Inamgeuza msomaji wa hadithi. Katika hadithi, watu wa mwezini wanaiita dunia mahali pachafu. Katika filamu, palipo kame ni mwezini, na uzuri wote uko huku tulikotoka. Mhakiki anayependa mapatano angeishia hapo na kusema kwamba sayansi imesahihisha kiburi cha watu wa mwezini. Mimi naona kasoro moja imebaki. "Mahali pachafu" na "tufe zuri" ni hukumu mbili za mtu aliye mbali. Zinapingana katika sifa, zinalingana katika umbali. Wala moja haijui kwamba Kwihara kuna kiu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba jicho la angani ni jicho ovu. Picha ya Dunia iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, ambamo Afrika na Bara Arabu vinaonekana waziwazi, niliikata kutoka kalenda nikiwa mtoto nikaibandika ukutani. Bila hiyo huenda nisingeshika kalamu. Wala si kwamba jicho hilo halioni kitu. Mwaka 2006 Wajapani walirusha setilaiti iitwayo Daichi, maana yake ardhi kuu, ambayo rada yake ilipenya mawingu na kupima misitu mpaka ilipokoma mwaka 2011. Kutokana nayo JAXA ilitoa ramani ya misitu ya dunia nzima. Miombo ya Tabora, Urambo na Sikonge inapungua, na sababu mojawapo inajulikana: tumbaku huvunwa ikiwa mbichi, hukaushwa kwa moto, na moto hula kuni. Mshairi aliyekaa chini ya mti mmoja hawezi kuuona msitu unavyorudi nyuma kila mwaka. Rada inaweza. Lakini rada haijui mkulima alikopa nini msimu uliopita, wala nani anaivuta tumbaku hiyo. Ili kuyajua hayo yabidi ushuke, ubishe hodi.

Na Wajapani walishuka pia. Mwaka 1965 Nishida Toshisada alianza kuwafuatilia sokwe wa Mahale, kusini mwa Kigoma, kwa desturi ya wataalamu wa nchi yake ya kumtambua kila mnyama peke yake na kumpa jina. Mwaka 1968 Hino Shun'ya alichapisha utafiti wake juu ya watu wa Ujiji, tabaka zao na kazi zao. Kituo cha mwisho cha njia ya misafara kikasomwa nyumba kwa nyumba. Najiuliza kwa haya: sokwe wa Mahale wana majina daftarini, na wapagazi wa Unyamwezi, ambao jasho lao liliijenga miji yetu ya mawe, hawana majina hata katika mashairi yetu.

Mashairi ndiyo hoja yangu, basi nirudi huko. Washairi wa Japani wana desturi ya kale ya majina ya mahali. Mlima, kivuko au ufuko uliotajwa na watungaji waliotangulia hubeba ndani ya jina lake hisia zote zilizowekwa humo; anayelitaja leo huyaamsha yote. Mlima Fuji wenyewe umo katika hadithi ya Kaguya: mfalme, akiwa hataki kuishi milele bila yeye, anaamuru barua na dawa ya kutokufa vikachomwe kileleni, na hadithi inalihusisha jina la mlima na tukio hilo. Mwaka 1689 Matsuo Bashō alifunga safari ya kiasi cha kilomita 2,400, sehemu kubwa kwa miguu, kwenda kuyaona kwa macho mahali alipopajua kwa mashairi. Alipofika Hiraizumi, ambako ukoo mkubwa uliangamia miaka 500 kabla yake, alikuta majani tu yamemea, akakaa akalia.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kilio hicho. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyalilia majumba ya Pate katika al-Inkishafi, na hakusema tu kwamba dunia inapita. Aliwataja wenye majumba kwa majina na ukoo, na alionyesha ni viumbe gani wanaokaa sasa vyumbani mwao. Nguvu ya utenzi ule haitoki katika waadhi peke yake. Inatoka katika vyumba. Kama angeitazama Pate kutoka angani angetuachia mawaidha bila nyumba, na sisi tungekuwa tumekwisha kuyasahau.

Pate ina utenzi wake. Hiraizumi ina Bashō wake. Tura, Rubuga, Kwihara, Msene, Uvinza, majina yaliyokuwa midomoni mwa maelfu ya watu kila msimu wa kiangazi, yana nini katika ushairi wetu ulioandikwa? Bagamoyo imepata wimbo kidogo, kwa kuwa jina lake linasikika kama limetungwa na mshairi. Huko bara tumewaachia wapelelezi wa Kizungu watutajie. Hapo nafika kwenye jambo ambalo kisiwani hulisema kwa sauti ya chini. Njia ile haikuishia Bagamoyo, ilivuka maji. Pembe zilikuja hapa. Watu waliofungwa walikuja hapa, kuuzwa katika soko lililofungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na kuilima mikarafuu ya Unguja na Pemba. Sisi zaidi ya wengine tuna sababu ya kulipenda vazi la manyoya. Mshairi wa kisiwani anapoimba kwamba akiwa juu haoni mipaka wala huzuni, hana budi kujiuliza kama ameipita huzuni ya wanadamu au ameiruka hesabu ya nyumbani kwake. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Ukiisikiliza methali hiyo ukiwa Kwihara, neno lake la mwisho linauma kwa namna nyingine.

Jambo hili litazidi kuwa letu. Katika kituo cha kimataifa cha angani kuna chumba cha Wajapani kiitwacho Kibo. Kwao neno hilo ni tumaini. Kwetu ni kilele cha Kilimanjaro. Kutoka Kibo hiyo iliachiwa Mei 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Desemba 2022 ikaachiwa ya kwanza ya Uganda. Ni vyombo vidogo mno, lakini ni macho ya watu wa kwetu. Tungo za kuyasifu zitakuja, na zinastahili kuja. Ninachoomba kwa watungaji vijana ni kimoja, nao ni ule muda mfupi katika hadithi, baina ya wingu kushuka na vazi kuvaliwa, ambapo Kaguya anasema ngojeni na kuandika barua. Ushairi wa angani ungekaa hapo. Mtungaji apande kadiri apendavyo, lakini aandike angali anamkumbuka mzee aliyemlea.

Kwa upande wangu nimejaribu kuurekebisha ubeti wangu. Nilidhani itatosha kuufuta mshororo wa nne na kuliweka swali la mzee mahali pake. Haikuwezekana. Jina la Kwihara halikubali kina cha wi. Ningeweza kulificha katikati ya kipande, lakini nataka likae mwishoni, mahali ambapo sikio la msikilizaji linangoja. Na likikaa hapo, samawi inaondoka, haigawi inaondoka, uwi unaondoka, na kwa kuondoka vina vyote, tufe lenyewe linabomoka. Nimefika mshororo wa pili wa ubeti mpya. Unakwenda polepole, na una mzigo.